Mvua, maji na kiwanja: Kisangani ijifunze kwa mbio za farasi

Mvua ikinyesha Kisangani saa saba mchana, mechi ya saa tisa inabadilika kabla haijaanza. Ekipi ya wachezaji wepesi, iliyozoea pasi za chini, inajikuta ikisukuma mpira ndani ya potopoto. Ekipi yenye mabeki wazito na mipira mirefu inapumua. Siku nne za jua zikipita, kiwanja kilekile kinakuwa kigumu kama barabara, mpira unarukaruka ovyo na anayeanguka anainuka na goti lililochubuka. Washabiki wanasema ni bahati. Viongozi wa ekipi wanasema ni mapenzi ya Mungu. Lakini hali ya kiwanja inaweza kupimwa, kutangazwa na kurekebishwa, na mji wenye mvua kama Kisangani ungepaswa kuwa wa kwanza kufanya hivyo.

Kuna mchezo mmoja duniani ambao umechukua jambo hili kwa uzito kuliko yote: mbio za farasi. Wakaaji wengi wa Tshopo hawajawahi kuziona ila kwenye televisheni. Msitu wenye mbung'o haukuwahi kuwa nchi ya farasi, na uwanja wa mbio unaojulikana zaidi katika Afrika ya Mashariki uko mbali, Ngong, Nairobi, ambako farasi wanakimbia juu ya majani tangu mwaka wa 1954 chini ya Jockey Club ya Kenya. Hata hivyo, wanachojua watu wa farasi kuhusu mvua na udongo kinaihusu Kisangani moja kwa moja.

Farasi wa mbio ana uzito wa karibu kilo 500, anakimbia zaidi ya kilometa 60 kwa saa, na uzito huo wote unashuka juu ya miguu myembamba. Ardhi ikiwa ngumu mno, pigo la kila hatua linarudi kwenye mifupa na viungo. Ikiwa laini mno, kwato inazama, mshipa unavutwa na farasi anachoka kabla ya mstari wa mwisho. Mwanadamu anayecheza kabumbu ni mwepesi zaidi, lakini anageuka ghafla na kusimama ghafla, na goti lake lina sheria zilezile.

Kilometa zilezile, saa tofauti

Mfano mzuri uko Paris. Kila mwaka, Jumapili ya kwanza ya mwezi wa Oktoba, kunakimbiwa kwenye uwanja wa Longchamp mbio za Prix de l'Arc de Triomphe, mita 2.400 juu ya majani. Mwaka wa 2011, kiwanja kikiwa kikavu na kizuri, Danedream alishinda kwa dakika 2 na sekunde 24. Mwaka wa 2020, baada ya mvua nyingi, Sottsass alishinda mbio hizohizo kwa dakika 2 na sekunde 39. Tofauti ni sekunde 15, na kwa farasi wa daraja hilo sekunde 15 ni zaidi ya mita 200. Hakuna anayesema Sottsass alikuwa farasi mvivu. Ni kwamba alikimbia katika ardhi nyingine. Mwaka uliofuata, katika ardhi nzito tena, Torquator Tasso, farasi wa Ujerumani ambaye ni wachache waliomwekea pesa, aliwaacha nyuma wale waliosifiwa wiki nzima.

Kwa sababu hiyo, nchi zenye mbio za farasi hazikubali hali ya kiwanja ibaki siri. Ufaransa wanatumia kifaa rahisi: uzito unaachwa uanguke juu ya fimbo ya chuma, kisha inasomwa imezama kiasi gani. Namba ikiwa karibu na 3, kiwanja ni kizuri. Ikipita 4, ni kizito. Uingereza wana fimbo ya kielektroniki inayochomwa ardhini na kuvutwa pembeni, nayo inatoa namba mbili: ugumu wa ardhi na jinsi inavyoshika. Msimamizi wa uwanja anatembea mzunguko mzima, anachoma sehemu nyingi, kisha anatangaza. Mvua ikinyesha usiku, anatangaza upya asubuhi. Akiona hatari, anaita ukaguzi kabla watu hawajafunga safari, na ana mamlaka ya kushauri kwamba siku hiyo hakuna mbio.

Hapo ndipo kumwagilia maji kunapoleta ugomvi. Wakati wa kiangazi msimamizi anafungua maji ili ardhi isiwe kama saruji. Huko Uingereza lengo katika mbio za tambarare ni kwamba kiwanja kisizidi ugumu wa kati. Lakini akimwagilia milimita 10 usiku, na mvua ambayo haikutarajiwa ikaongeza milimita 15 asubuhi, amewaharibia wote waliokuja na farasi wa ardhi kavu. Wenye farasi wanakasirika na waliocheza pari wanahisi wamedanganywa. Dawa waliyoipata ni uwazi: kiasi cha maji kilichomwagwa kinatangazwa kwa milimita pamoja na mvua iliyonyesha, na kila mtu anafanya hesabu yake.

Hata wao hawajakamilika. Mwaka wa 1989, mbio kongwe za St Leger hazikuweza kukimbiwa Doncaster baada ya farasi kuanguka kwenye mashimo yaliyojitokeza chini ya majani, zikahamishiwa Ayr, Scotland. Dubai walijaribu kulikimbia tatizo kwa pesa: uwanja wa Meydan ulifunguliwa mwaka wa 2010 ukiwa na ardhi ya kutengenezwa, mchanganyiko wa mchanga, nyuzi na nta, na miaka michache baadaye ukaondolewa na kurudishwa mchanga wa kawaida. Hakuna kiwanja kisichohitaji mtu wa kukitunza.

Hesabu ya mvua

Sasa Kisangani. Mji huu unapata mvua ya zaidi ya milimita 1.600 kwa mwaka, wakati Paris inapata karibu 640 tu. Hapa hakuna kiangazi cha kweli kama cha Lubumbashi, ambako miezi mingi inapita bila tone. Januari na Februari mvua inapungua, kisha inarudi. Oktoba na Novemba inazidi. Kwa maneno mengine, tatizo la Longchamp la Jumapili moja ya Oktoba ni tatizo la Kisangani la karibu kila juma.

Kiwanja cha kawaida cha kabumbu chenye mita 105 kwa 68 kina eneo la mita za mraba 7.140. Milimita moja ya mvua juu yake ni lita 7.140. Mvua kubwa ya mchana mmoja, tuseme milimita 40, inaangusha juu ya kiwanja hicho lita 285.600, sawa na bidoni 14.280 za lita 20. Kwa mwaka mzima ni zaidi ya lita milioni 11. Maji hayo lazima yaende mahali.

Yana njia tatu tu. Yanaweza kupanda juu kwa jua na kwa majani yanayoyanyonya, lakini katika hali ya hewa ya hapa hiyo ni milimita 3 hadi 5 kwa siku yenye jua. Mvua ya milimita 40 ingehitaji zaidi ya juma moja kukauka hivyo, na ndani ya juma hilo mvua nyingine imeshanyesha. Yanaweza kuzama ndani ya udongo, kama udongo una nafasi. Au yanaweza kutiririka pembeni, kama kiwanja kina mteremko na pembeni kuna mfereji. Pale ambapo njia ya pili na ya tatu zimefungwa, kinachobaki ni ziwa katikati ya kiwanja.

Na njia ya pili imefungwa na miguu. Udongo una matundu madogo yanayopitisha hewa na maji. Ukikanyagwa ukiwa umelowa, matundu hayo yanabanwa, udongo unashikamana, na ukikauka unakuwa tofali. Ndiyo maana kiwanja kimoja kinaweza kuwa potopoto Jumatano na saruji Jumapili: magonjwa hayo mawili yana chanzo kimoja. Viwanja vya mitaa vya Mangobo, Kabondo au Lubunga vinapokea wanafunzi asubuhi, ekipi mbili tatu mchana, mkutano wa maombi jioni na njia ya mkato ya baiskeli za toleka kila saa. Hakuna siku ya kupumzika, na siku ya mvua ndiyo inayoharibu zaidi. Saa mbili za mchezo juu ya udongo uliolowa zinaweza kubomoa majani yaliyochukua miezi kumea.

Kuna tena desturi ya jembe. Katika sehemu nyingi, uwanja wa shule au wa nyumba unahesabiwa kuwa safi ukikwanguliwa mpaka udongo mtupu, kwa kuogopa nyoka. Kwa mlango wa nyumba, desturi hiyo ina maana. Kwa kiwanja cha mpira, ni kujiumiza. Mizizi ya majani ndiyo inayoshika udongo, inayofungua matundu yake na inayopokea mguu wa mchezaji. Ukoka na paspalumu havihitaji mbegu kutoka Ulaya. Vinamea hapahapa, vinavumilia kukanyagwa, na vinarudi vikipewa muda.

Maji ya nani?

Mtu anaweza kuuliza: basi tununue pampu tumwagilie kama Ulaya? Hapana, au angalau si kwanza. Kumwagilia kiwanja kimoja milimita 5 tu kunataka lita 35.700, yaani karibu bidoni 1.800. Katika mji ambako akina mama na watoto bado wanabeba bidoni kichwani, na ambako bomba la Regideso halitoi maji katika kila mtaa kila siku, kiongozi anayefungua maji hayo kwa ajili ya majani atakuwa na kazi ngumu ya kujieleza, na ni haki aulizwe. Kisangani imekaa juu ya mto Congo na mto Tshopo, lakini maji ya mtoni hayapandi yenyewe mpaka kiwanjani.

Kwa bahati nzuri, mji huu unahitaji kumwagilia siku chache sana: ile miezi miwili ya mwanzo wa mwaka, na pale majani mapya yanapopandwa. Siku hizo, tangi la kukusanya mvua ya paa la jukwaa au la shule iliyo jirani linaweza kusaidia sehemu zinazoumia zaidi, mbele ya magoli na katikati. Pesa inayobaki iende kwenye mfereji. Anayeanza na pampu Kisangani anaponya kiu ya mgonjwa anayezama.

Wengine watasema dawa ni majani ya bandia, kama yale ya uwanja wa TP Mazembe pale Kamalondo. Kwa uwanja mmoja mkubwa wa jimbo, hoja hiyo ina nguvu. Lakini majani ya bandia yasiyo na njia ya maji chini yake yanafurika kama udongo, yanapata joto kali juani, yanachakaa, na siku ya kuyabadilisha pesa inahitajika tena. Wala hayatafika kwenye viwanja vya mitaa, ambako mtoto wa miaka 12 anajifunza kupiga mpira. Meydan ilikuwa na pesa nyingi kuliko Tshopo nzima, na bado iligeuza uamuzi wake.

Kazi nne zisizo na mwujiza

Jambo la kwanza ni kupima na kutangaza. Fimbo ya chuma, uzito mmoja, alama za sentimeta: fundi yeyote wa kuchomea vyuma pale sokoni anaweza kuitengeneza. Kazi ya kuipa namba zake maana inawafaa wanafunzi. Kisangani ina Chuo Kikuu, UNIKIS, kilichozaliwa mwaka wa 1963, ina shule kubwa ya kilimo ya IFA-Yangambi, na kilometa kama 100 tu kwa kushuka mto iko Yangambi yenyewe, ambako INEAC, na baadaye INERA, wamesoma udongo na mvua ya nchi hii tangu miaka ya 1930. Ni miji michache ya Afrika ya kati yenye elimu ya udongo karibu namna hii. Ni aibu ikitumika kwa mihogo na mpunga peke yake, na kiwanja cha watoto kisiguswe.

Siku moja kabla ya mechi, kisha asubuhi ya mechi, wasimamizi wa shampiona ya mji wangeweza kutangaza redioni na kwenye simu maneno machache: mvua milimita fulani, kiwanja kizuri, laini au kizito. Kocha angechagua viatu na wachezaji kwa kujua. Mshabiki wa Lubunga angejua kama inafaa kulipa mtumbwi kuvuka mto.

La pili ni mamlaka. Sheria za kabumbu zinampa mwamuzi uwezo wa kusimamisha au kufuta mechi. Lakini mwamuzi anayefika saa nane na nusu na kukuta watu wameshalipa mlangoni, wakuu wamekaa na ngoma zinalia, anahitaji moyo wa chuma kusema hapana. Katika mbio za farasi uamuzi huo unachukuliwa mapema, na mtu ambaye kazi yake ni ardhi peke yake. Shampiona ya mji inahitaji mtu kama huyo, anayeheshimiwa na asiyefungwa na ekipi yoyote. Kuahirisha mechi si fedheha. Februari 2022, katika Kombe la Afrika kule Cameroon, nusu fainali ya Senegal na Burkina Faso iliondolewa Douala na kupelekwa Yaoundé kwa sababu kiwanja cha Japoma kilikuwa kibaya. Kama Caf inaweza kuhamisha nusu fainali, Kisangani inaweza kuahirisha mechi ya Jumatano.

La tatu ni kuinua katikati na kuchimba pembeni. Kiwanja chenye upana wa mita 68 kinahitaji katikati pawe juu kwa karibu sentimeta 34 kuliko kando ili kuwe na mteremko wa asilimia moja. Macho hayauoni mteremko huo wala mchezaji hausikii, lakini maji yanaufuata. Pembeni pawe na mfereji unaoishia kwenye mfereji wa barabara, si kwenye parseli ya jirani. Kazi hiyo ni ya majembe na makoleo, na mji unaojua salongo haukosi mikono. Salongo moja kwa mwezi ya kuzibua mifereji ya kiwanja ingefaa kuliko hotuba nyingi kuhusu vijana na michezo, na burgumestri wa kila komini angeweza kuipanga bila kungojea Kinshasa.

La nne ni pumziko. Kiwanja kilicholowa kifungwe mpaka kishike, hata kama ni siku mbili. Hapa ndipo upinzani utakuwa mkali, kwa sababu vijana wengi hawana pengine pa kwenda, na kila mwaka ardhi tupu za mji zinageuka maduka na nyumba. Ukweli huo unazidisha haja ya viongozi kulinda viwanja vilivyobaki, kwa karatasi za ardhi zenye nguvu. Kiwanja kimoja kinachobeba mtaa mzima hakiwezi kupona, hata kikipewa mifereji ya dhahabu.

Nani analipa leo

Kuna wanaojivunia potopoto. Wanasema mpira wa Boyoma umezoea mvua, na mwanaume wa kweli hachagui ardhi. Maneno hayo ni matamu kwa anayeketi kwenye kiti. Mchezaji wa ekipi ya mtaa hana bima, ekipi yake haina daktari, na goti likipasuka kwenye shimo lililofichwa na maji, familia ndiyo inayouza mbuzi. Mwezi unaofuata hawezi kuendesha moto wala kubeba mzigo bandarini. Hakuna hesabu yoyote ya mji inayoandika hasara hiyo, ndiyo maana inaonekana kama haipo.

Watu wa mbio za farasi hawakuanza kupima ardhi kwa sababu ni wema kuliko wengine. Walianza kwa sababu farasi ni mali ghali, na pesa za pari ni nyingi; mwenye mali alitaka kujua anaipeleka wapi. Kijana wa Mangobo hana mwenye mali wa kumtetea. Anao viongozi wa mpira, shule, komini na jimbo, na hao ndio wanaopaswa kuulizwa, kila mvua ikikatika, fimbo imezama kiasi gani na mechi ya leo inachezwa juu ya nini.